Elizabeth Ryan: makombe 19 ya Wimbledon, na yote alishinda na mwenzake

Leo tuanze na swali. Ukiona wapasua mbao wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini yake, msumeno unapanda na kushuka kati yao, nani njo anapasua ubao? Mtu yeyote wa huku kwetu anajua jibu: ni wote wawili. Mmoja akiacha, msumeno unasimama. Lakini mteja akifika kununua mbao, mara nyingi anauliza jina la mmoja tu.

Kwenye michezo pia ni vile. Tunakumbuka aliyefunga bao, aliyempa pasi tunamsahau mbele hata jioni haijafika. Njo maana leo tunawaletea maisha ya mwanamke mmoja aliyefanya kazi yake yote akiwa na mwenzake pembeni, na kwa kazi ile akaweka hesabu ambayo dunia ilihitaji miaka 45 kuipita.

Jina lake Elizabeth Ryan. Alikuwa Mwamerika, alizaliwa California mwaka 1892, akafa London mwaka 1979, akiwa na miaka 87. Alishinda Wimbledon mara 19. Wimbledon ni shindano la tenisi linalofanyika London kila mwaka, juu ya majani, na wachezaji wengi wanaliheshimu kuliko mengine yote. Mara 19! Na katika mara zote hizo, hakuna hata moja aliyoshinda akiwa peke yake.

Tenisi ya wawiliwawili inachezwa namna gani?

Wengi wetu tumeona tenisi kwenye televizyo: mtu mmoja huku, mtu mmoja kule, wavu katikati. Ile ni tenisi ya mmoja kwa mmoja. Lakini kuna pia tenisi ya wawiliwawili, pale wachezaji wanakuwa wanne uwanjani. Wanaweza kuwa wanawake wanne, wanaume wanne, ao kila upande mwanamke na mwanaume. Huu wa mwisho tunauita mchezo wa mchanganyiko.

Uwanja wenyewe unabadilika. Urefu unabaki ule ule, mita 23,77. Lakini upana wa mtu mmoja ni mita 8,23, na wa wawili unaongezwa mpaka mita 10,97. Kwa hiyo pembeni kuna njia mbili zaidi za kulinda. Mmoja anapiga servisi kutoka nyuma, mwenzake anasimama karibu na wavu kusubiri mpira aukate hewani.

Na hapo njo kazi inaanza. Katika mchezo wa mmoja, unajilinda wewe mwenyewe. Katika mchezo wa wawili, unalinda nafasi ambayo mwenzako ameiacha. Akienda kushoto, wewe unasogea katikati. Akirudi nyuma, unajua kwamba mpira unaokuja utakuwa mgumu. Mpira ukipita kati yenu, kila mmoja akafikiri ni wa mwenzake, pointi imeenda. Hakuna muda wa kuulizana. Ni lazima mjuane.

Ryan alijua kazi hiyo kuliko mwanamke mwingine wa wakati wake. Ule wakati wanawake wengi walizoea kubaki nyuma ya uwanja, kurudisha mpira na kungoja mwingine akosee. Yeye alipenda kwenda mbele, karibu na wavu, na kupiga mpira hewani mbele haujagusa chini. Tena alikuwa na pigo lake lililojulikana: aliukata mpira kwa chini, unaenda polepole ukizunguka, na ukigusa majani haupandi tena vizuri. Kwa mpinzani aliyesimama nyuma, mpira kama ule ni taabu: anakuja mbio, anainama, na kile anachoinua juu mtu wa wavuni anakimaliza.

Alivyoanza

Mwaka 1912 Ryan alihamia Uingereza, na inchi hiyo njo ilikuwa makao yake karibu maisha yote yaliyobaki. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1914, akiwa na miaka 22, alishinda Wimbledon kwa mara ya kwanza, katika mchezo wa wanawake wawili, pamoja na Mwingereza Agnes Morton. Mwaka ule ule alishinda pia, peke yake, ubingwa wa Urusi ya wafalme. Ulikuwa wa mwisho. Inchi iliingia vitani, kiisha mapinduzi ya 1917 yakaondoa mfalme na mambo yake yote.

Vita ya kwanza ya dunia, ile ile iliyofika mpaka huku kwetu kwenye ziwa Tanganyika na kuwapeleka askari wa Kongo mpaka Tabora, ilifunga pia milango ya Wimbledon. Tangu 1915 mpaka 1918 hakukuwa shindano. Miaka minne ilipita hivi hivi, na kwa mchezaji ambaye ndiyo kwanza anafika kwenye nguvu zake, miaka minne si kitu kidogo. Ryan alikuwa na miaka 22 walipofunga. Walipofungua tena, alikuwa na miaka 27.

Na walipofungua, mwaka 1919, alitokea msichana mmoja Mfaransa wa miaka 20 ambaye alibadili kila kitu.

Pembeni ya nyota

Msichana yule aliitwa Suzanne Lenglen. Baba yake njo alimfundisha, tangu utoto, kwa ukali na kwa mpango. Alicheza kama mtu anayecheza dansi. Aliruka, aligeuka, na mpira ulienda pale alipotaka. Nguo zake zilikuwa fupi kuliko zile wanawake wengine walizoea kuvaa uwanjani, na watu walishangaa. Wengine walinung'unika, lakini wote walitaka kumuona. Uwanja wa zamani wa Wimbledon, ule wa Worple Road, ulikuwa mdogo kwa watu wote waliokuja, na mwaka 1922 shindano lilihamia Church Road, pale lilipo mpaka leo.

Lenglen alishinda Wimbledon peke yake mara sita: 1919, 1920, 1921, 1922, 1923 na 1925. Na katika kila mmoja wa miaka hiyo sita, bila kukosa hata mmoja, alishinda pia mchezo wa wanawake wawili. Mwenzake kila mara alikuwa yule yule: Elizabeth Ryan. Wawili hawa pamoja hawakushindwa hata mechi moja kule Wimbledon.

Sasa, ndugu msomaji, tuangalie mwaka 1921, juu mwaka ule unaonyesha vizuri maisha ya Ryan. Alikuwa amecheza vizuri sana peke yake, akapiga wote waliokuwa njiani, akafika kwenye mechi ya mwisho ya ubingwa. Nani alikuwa anamngoja ngambo ya wavu? Suzanne Lenglen, mwenzake. Lenglen alimshinda 6-2, 6-0. Haikuwa hata mechi ndefu. Lakini shindano lile lile, Ryan alirudi uwanjani, akasimama pembeni ya mtu aliyemshinda, na wakachukua pamoja kombe la wawili. Kiisha akaongeza kombe la mchanganyiko, pamoja na Randolph Lycett wa Uingereza.

Jaribu kufikiri jambo hilo. Mtu amekupiga mbele ya maelfu ya watu, katika kitu unachokitamani kuliko vyote. Na wewe unapaswa kumlinda, kufunika makosa yake, kushangilia pointi yake. Si kila mtu anaweza. Ryan aliweza, na si mara moja tu.

Mwaka 1924 walikutana tena, mmoja kwa mmoja, katika robo fainali. Lenglen hakuwa na afya nzuri ile miezi. Ryan alichukua seti ya pili, 8-6, kitu ambacho wachezaji wengi hawakukipata hata siku moja mbele ya Mfaransa yule. Lakini seti ya tatu Lenglen alishinda 6-4. Ilimchosha vibaya mpaka akajiondoa kwenye shindano lote. Na kwa sababu Lenglen alijiondoa, kombe la wawili pia likaondoka mikononi mwa Ryan. Njo maana mwaka 1924 hauko kwenye orodha yake. Waliolichukua ni Wamerika wawili, Helen Wills na Hazel Wightman.

Mwaka waliotenganishwa

Kufika hapo, mtu anaweza kusema: haya, Ryan alikuwa na bahati. Ukisimama pembeni ya mchezaji mkubwa kuliko wote, utakosa namna gani kushinda? Anayebebwa mgongoni hajui urefu wa njia.

Jibu lilikuja mwaka 1926.

Mwaka ule wakubwa wa tenisi ya Ufaransa walitaka Lenglen acheze na Mfaransa mwenzake. Alipewa Julie Vlasto. Ryan akabaki bila mwenzake wa miaka yote ile. Akajiunga na Mwamerika mwingine, Mary Browne. Na kura ilipopigwa ya kupanga nani atacheza na nani, ikawa kama mchezo wa makusudi: Lenglen na Vlasto watakutana na Ryan na Browne mwanzoni kabisa mwa shindano.

Mechi hiyo ilizungukwa na fujo. Malkia Mary wa Uingereza alifika uwanjani siku ambayo Lenglen alipangiwa kucheza mechi mbili, ya peke yake na ya wawili. Kulikuwa kutosikilizana juu ya saa na mpango. Lenglen alichelewa, Malkia akangoja bure, na siku ile hawakucheza kabisa. Magazeti yaliandika kwamba alimzarau Malkia. Siku iliyofuata wakaingia uwanjani, na macho yote yalikuwa kwa Lenglen.

Lenglen na Vlasto walichukua seti ya kwanza, 6-3. Katika seti ya pili walifika mpaka kwenye pointi ya kumaliza mechi. Ryan na Browne hawakutetemeka. Waliokoa, wakachukua seti ile 9-7, kiisha wakamaliza ya tatu 6-2. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita mtu kumshinda Lenglen kule Wimbledon katika mchezo wa wanawake wawili, na aliyemshinda alikuwa mwanamke aliyesimama pembeni yake miaka yote ile.

Siku chache tu nyuma yake, Lenglen aliondoka kwenye shindano na hakurudi tena kucheza Wimbledon. Mwaka ule ule alikubali feza na kwenda Marekani kucheza kama mtu wa malipo. Ryan na Browne wao waliendelea mpaka mwisho, wakachukua kombe.

Hatusemi kwamba Ryan alikuwa mkubwa kuliko Lenglen. Hapana. Lenglen alikuwa Lenglen. Tunachosema ni hiki: ile ekipe ya Lenglen na Ryan haikuwa mtu mmoja na kivuli chake. Walikuwa wawili kweli.

Pointi moja tu

Mwaka huo huo wa 1926 Ryan alivuka bahari kwenda kwenye ubingwa wa Marekani, inchi yake ya kuzaliwa. Alichukua kombe la wanawake wawili, pamoja na Eleanor Goss. Alichukua kombe la mchanganyiko, pamoja na Mfaransa Jean Borotra. Na peke yake, alifika fainali.

Mpinzani wake alikuwa Molla Mallory, aliyezaliwa Norvège, mwanamke wa miaka 42 aliyekuwa amekwisha kushinda ubingwa huo mara saba. Ryan alichukua seti ya kwanza, Mallory ya pili. Katika seti ya tatu Ryan aliongoza 4-0. Kombe alilolitafuta maisha yake yote lilikuwa karibu kabisa. Mallory akaanza kurudi, mchezo mmoja nyuma ya mwingine. Ryan alipata hata pointi ya kumaliza mechi. Hakuipata. Mallory alishinda seti ile 9-7, na kwa kombe lile la nane akafunga hesabu yake.

Pointi moja. Katika maisha yote ya Ryan, hapo njo alipokaribia zaidi kushinda shindano kubwa akiwa peke yake. Angeipata, leo watu wangemhadithia kwa namna nyingine. Hakuipata, na mwaka uliofuata alirudi Wimbledon, akatafuta mwenzake, akaendelea na kazi.

Wenzake kumi

Mwaka 1927 mwenzake mpya alikuwa Helen Wills, yule Mwamerika kijana aliyekuja kuchukua kiti cha Lenglen. Wills alikuwa mtu wa kimya, uso wake hauonyeshi furaha wala hasira, lakini pigo lake lilikuwa zito. Walishinda Wimbledon pamoja mwaka ule, na tena mwaka 1930.

Na mwaka 1930 mambo ya 1921 yalijirudia sawasawa. Ryan, sasa mwenye miaka 38, alifika fainali ya mmoja kwa mmoja. Ngambo ya wavu alisimama tena mwenzake wa michezo ya wawili. Wills, ambaye alikuwa ameolewa na sasa anaitwa Helen Wills Moody, alishinda 6-2, 6-2. Nyuma yake Ryan alisimama pembeni ya Wills Moody, wakachukua kombe la wawili, na pamoja na Jack Crawford wa Australia akachukua la mchanganyiko. Fainali tatu katika shindano moja, makombe mawili, na lile moja lililokosekana lilienda kwa mwenzake. Kama vile 1921.

Hivi Ryan alicheza fainali mbili za mmoja kwa mmoja Wimbledon, na mara zote mbili aliyemshinda alikuwa yule aliyeshika naye kombe la wawili mwaka ule ule.

Miaka yake ya mwisho alicheza na Mfaransa Simonne Mathieu. Walishinda pamoja Wimbledon mwaka 1933 na 1934, na pia ubingwa wa Ufaransa miaka hiyo hiyo miwili. Kombe la 1934 lilikuwa lake la 19 Wimbledon, na la mwisho. Alikuwa na miaka 42. Toka la kwanza mpaka la mwisho ilikuwa miaka 20 kamili.

Sasa tuhesabu pamoja. Makombe 12 ya wanawake wawili: moja na Morton, sita na Lenglen, moja na Browne, mawili na Wills, mawili na Mathieu. Makombe saba ya mchanganyiko: matatu na Lycett wa Uingereza, na moja moja na Frank Hunter wa Marekani, Patrick Spence wa Afrika Kusini, Jack Crawford wa Australia na Enrique Maier wa Espanya. Wanawake watano, wanaume watano. Wenzake kumi, kutoka inchi sita.

Ukiongeza makombe yake ya Ufaransa na ya Marekani, anafika 26 katika mashindano makubwa. Huwezi kusema mtu aliyeshinda na wenzake kumi tofauti alikuwa anabebwa. Mmoja ni bahati, wawili labda. Kumi ni ufundi. Mmoja alikuwa mkali, mwingine wa kimya, mwingine alipiga kwa nguvu, mwingine kwa akili, na yeye alijua kwa kila mmoja pahali pa kusimama.

Na feza?

Hapa msomaji anaweza kuuliza: na makombe yote hayo, alitajirika? Hapana. Ule wakati Wimbledon na mashindano mengine makubwa hayakulipa mshindi. Tenisi ilitakiwa kuwa mchezo wa watu wanaocheza kwa kupenda tu, na kwa kweli hiyo ilimaanisha watu ambao nyumbani kwao hawakosi chakula. Mtu akipokea malipo ya kucheza, ao hata ya kufundisha, alifungiwa mlango. Njo kilichompata Lenglen nyuma ya kukubali feza za Marekani.

Ryan alingoja mpaka miaka yake ya ushindi imekwisha. Nyuma ya 1934 akawa mwalimu wa tenisi kwa malipo. Yale makombe 19 hayakumletea mshahara. Kufundisha njo kulimpa kazi ya kulipwa.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1968, pale Wimbledon ilikubali kwa mara ya kwanza wachezaji wa malipo na wasio wa malipo kucheza pamoja. Ryan alikuwa na miaka 76. Lakini hata nyuma ya hapo, wanawake walipewa kidogo kuliko wanaume, na aliyepiga kelele zaidi juu ya jambo hilo alikuwa Mwamerika mwingine wa California, Billie Jean King. Mwaka 1971 King alikuwa mwanamke wa kwanza katika michezo kupata zaidi ya dola 100 000 kwa mwaka mmoja. Mwaka 1973 alisimamisha umoja wa wachezaji wanawake wa tenisi, unaofanya kazi mpaka leo.

King huyo njo alikuja kugusa hesabu ya Ryan.

Siku moja mbele

Tangu 1934 Ryan alikaa juu peke yake, na makombe 19 ya Wimbledon. Wachezaji walikuja, wakashinda, wakazeeka. Hesabu ilibaki. Mwaka 1972 aliingizwa katika jumba la heshima la tenisi, kule Newport, Marekani.

King alifika 19 mwaka 1975. Sasa walikuwa sawa: bibi wa miaka 83 ambaye hakushinda hata mara moja peke yake, na mwanamke wa miaka 31 ambaye alishinda sita akiwa peke yake na mengine na wenzake. Lilibaki kombe moja tu. Lakini kombe lile moja lilikataa. King alifika tena fainali za wawili, akashindwa. Mwaka ulipita, na mwingine. Ryan aliendelea kwenda Wimbledon kutazama, kama alivyozoea.

Tarehe 6 Julai 1979, siku ya ijumaa, ilikuwa fainali ya wanawake ya mmoja kwa mmoja. Martina Navratilova alishinda. Ryan alikuwa pale Wimbledon. Siku ile aliugua kwa gafula pale pale kwenye viwanja, na hakupona. Alikufa siku ile ile.

Kesho yake, tarehe 7 Julai, Billie Jean King na Martina Navratilova waliingia uwanjani kwa fainali ya wanawake wawili, dhidi ya Betty Stöve na Wendy Turnbull. Walishinda. King alipata kombe lake la 20.

Elizabeth Ryan alikufa hesabu yake ikiwa bado haijapitwa. Ilibaki siku moja tu. Wale walioandika juu ya tenisi hawakuacha kulishangaa jambo hilo.

Kilichobaki

Mwaka 2003 Navratilova naye alifika makombe 20 ya Wimbledon. La ishirini alilipata katika mchezo wa mchanganyiko, pamoja na Leander Paes wa India. Angalia basi: King na Navratilova, mabingwa wakubwa wa kucheza peke yao, wote wawili walimpita Ryan kwa kombe la wawili. Walimpita kwa kazi yake mwenyewe.

Tena kuna hesabu moja ambayo hakuna aliyeigusa. Tukiweka pembeni makombe ya peke yao na kuhesabu yale ya wawili na ya mchanganyiko tu, Ryan ana 19, King 14, Navratilova 11. Hapo bado yeye njo wa kwanza.

Leo ukienda Paris, kwenye viwanja vya Roland-Garros pale ubingwa wa Ufaransa unachezwa, utakuta uwanja mmoja mkubwa wenye jina la Suzanne Lenglen. Utakuta mwingine, uliofunguliwa mwaka 2019 katikati ya bustani, wenye jina la Simonne Mathieu. Wote wawili walikuwa wenzake wa Elizabeth Ryan. Majina yao yameandikwa ukutani, na wanastahili. Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa, ukisikia moja ya majina hayo kwenye redio wakati wa mashindano, utajua kwamba kulikuwa mtu mwingine pembeni, karibu na wavu, anangoja mpira.

Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tunalisema kila siku, kwenye mikutano, kwenye likilimba, kwenye shamba la pamoja. Kiisha siku ya kugawa sifa tunatafuta kidole kimoja cha kusifu. Ryan hakusumbuka na hilo. Alitafuta kombe moja la peke yake maisha yote, akalikosa kwa pointi moja, na kila mara kesho yake alirudi kusimama pembeni ya mwenzake. Hesabu ya miaka 45 ilijengwa namna hiyo, kombe moja kwa moja, na kila kombe likishikwa na mikono minne.